Ni Mimi ama Ni Mashine

Niliacha kazi ya karani wa ghala la mahindi mjini Kitale nikiwa na miaka thelathini na tisa, na kufikia arobaini na tano nilikuwa fundi wa kompyuta. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma vile vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya maboksi, ambavyo wenye mashine hawavifungui, nikavisoma mara mbili mbili nyumbani Kibomet, kamusi ya Kiingereza ikiwa pembeni. Kwa sababu nilijifunza peke yangu niliogopa kukosea, na kwa sababu niliogopa kukosea nilijiwekea utaratibu mmoja ambao sikuuvunja: kubadilisha kitu kimoja tu, kupima, kuandika kwenye daftari, ndipo niguse kingine. Ukibadilisha vitu viwili pamoja na mashine ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya.

Ni utaratibu mzuri. Pia unachosha na unakula siku, na mwaka nilioitwa Misikhu kutengeneza kompyuta moja, siku zilikuwa chache.

Mwenye mashine alikuwa rubani. Watu wa sokoni walimwita Kapteni, nami nikamwita hivyo hivyo. Alizaliwa hapo hapo, akaondoka, akaendesha ndege ndogo kwa zaidi ya miaka ishirini, za kunyunyizia ngano dawa na za kupeleka watu na mizigo kaskazini. Kisha gari alilopanda likaacha barabara karibu na Kamukuywa, na mkono wake wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Nilipomjua, vyuma alivyowekewa vilikuwa vimeshatolewa na daktari alikuwa ameridhika. Kilichobaki ni mtihani wa Nairobi: kuketi ndani ya ndege na mkaguzi, na kuishusha hadi uwanjani kwa kusoma mita tu, bila kutazama nje. Tarehe ilikuwa imepangwa, mwisho wa mwezi wa nane. Akipita angerudishiwa leseni na kazi yake. Akishindwa, kampuni isingemngoja, na kwa mtu wa miaka hamsini na miwili hapakuwa na kampuni nyingine.

Rubani wa ndege ndogo huketi upande wa kushoto, na usukani huushika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una kazi ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Mimi hayo niliyajua baadaye. Kwake ndiyo yalikuwa mambo yote.

Ndiyo maana alinunua kompyuta, na ndani yake programu ya kuigiza urukaji wa ndege, na jostiki ya kushika mkononi badala ya usukani. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliketi mbele yake na kurudia zoezi lile lile la nusu saa. Unapaa, unapanda, unazunguka, unaingia kwenye mstari wa uwanja, unashuka. Juu kwenye kioo mna mita yenye sindano mbili; moja inakuambia kama umetoka kwenye mstari, ya pili kama unashuka upesi mno au polepole mno. Kazi ni kuziweka sindano hizo katikati mpaka magurudumu yaguse chini.

Tatizo, alivyonieleza kwa simu, lilikuwa la dakika za mwisho. Mashine ilienda vizuri, na akianza tu kushuka, picha ikaanza kukwama na kuruka kama mtu mwenye kwikwi.

Nilienda mara ya kwanza mwezi wa sita. Nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka barabarani, mahali ambapo trekta za miwa hupita zikivuta matela mchana kutwa, na upande wa pili wa ua palikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Nilipofungua lile sanduku la mashine, ambalo huku kila mtu huliita CPU ingawa CPU yenyewe ni kipande kidogo ndani yake, nilikuta vumbi jekundu na unga mweupe vimeshikana kwenye feni kama uji uliokauka. Kipande hicho kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili kisiungue. Nililijua hilo kutoka kwenye kitabu. Nikasafisha kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, nikapima joto, likawa limeshuka. Kwenye daftari niliandika: Joto. Limeondolewa. Nikapiga mstari chini yake.

Kabla ya kuondoka nilizungumza na mkewe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu mapema, mama mwenye mikono isiyotulia. Sebuleni mwake kila kitu kilikuwa na kitambaa alichokifuma mwenyewe, viti, redio, televisheni, hata mtungi wa maji.

"Mama," nilimwambia, "adui wa mashine hii ni vumbi. Mkiizuia isiingiwe na vumbi, mtanisahau."

"Vumbi uniachie mimi," alisema.

Wiki iliyofuata Kapteni alipiga simu. "Fundi, imerudia."

Sitaeleza kila safari. Zilikuwa tano, na zilifanana. Siku moja kabla nilipiga simu kusema nakuja, kwa sababu si adabu kumvamia mtu. Nilipofika nilikuta CPU imeshawekwa juu ya meza karibu na dirisha, imepanguzwa, imelazwa kwenye kitambaa cheupe kama mgonjwa anayemsubiri daktari. Chai ilikuwa tayari. Nilibadilisha kitu kimoja, kisha nikaiacha programu ijiendeshee ndege yenyewe huku nikihesabu picha kwa sekunde. Saa nzima, haikukwama hata mara moja. Nilirudi Kitale. Baada ya siku mbili tatu, simu: imerudia.

Nilimwomba Kapteni aendeshe mwenyewe nikiwa hapo nione. Alikataa.

"Sibebi abiria mpaka nipate leseni," alisema, akacheka, lakini hakuisogelea jostiki.

Safari ya pili niliondoa programu zilizojiwasha zenyewe kila mashine ilipofunguliwa. Zilikuwa kumi na moja, na mbili kati yake zilikuwa za kuzuia virusi, kila moja ikiiona nyenzake kuwa ndiyo virusi. Safari ya nne nilibadilisha programu inayoongoza kadi ya picha, nikapima, nikaandika, kisha nikatoa kipande cha kumbukumbu, kile kinachoitwa RAM, kutoka kwenye mashine yangu mwenyewe na kukiacha huko. Safari ya tano nilifuta kila kitu na kuuweka mfumo upya kuanzia mwanzo, kazi ya kutwa nzima, na stima ikapotea mara mbili katikati.

Safari ya tatu ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Nilikuwa napanga upya diski. Programu ya kazi hiyo ilionyesha vijumba vidogo vya rangi vikihama kimoja kimoja, na huna la kufanya ila kuvitazama. Kapteni alivuta kiti akaketi kando yangu.

"Hizo rangi zinafanya nini?"

"Faili zimetawanyika kwa diski. Sasa kila moja inakusanywa pahali pamoja."

"Itachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu. Labda mbili."

"Ai. Na nyinyi watu wa Kitale si mnapakia lori la mahindi kwa huo muda?"

"Lori halina hesabu nyingi."

"Umeandika hiyo pia?" Aliinamia daftari langu. "Huyu mtu anaandika kama karani wa sensa. Mama, chunga, ameshakuhesabu."

Mkewe alicheka akiwa jikoni. Tulitazama rangi zikihama. Alikuwa akiukunja na kuukunjua mkono wa kushoto juu ya paja, polepole, jinsi alivyofundishwa hospitalini.

"Fundi," alisema baadaye, kwa sauti ya chini, "hebu niambie bila kunipaka mafuta. Ni mimi ama ni mashine?"

"Kivipi?"

"Nashuka vizuri. Nafika pale mwisho, sindano inaanza kuenda kushoto. Nairekebisha. Hakuna kitu. Naongeza. Harafu picha inaruka, nakuta nimeshapita mstari niko ng'ambo. Kila siku hivyo. Sasa nimeanza kujiuliza, picha ndiyo inachelewa, ama ni huu mkono unachelewa na mimi nasingizia picha?"

Nilikuwa na daftari mkononi. Ndani yake hapakuwa na kipimo hata kimoja cha mkono wake. Mtu wa utaratibu wangu alipaswa kusema, sijui bado.

"Ni mashine," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akapumua, akaenda nje kuangalia kuku. Nilipokuwa nikiondoka mkewe alinisindikiza hadi barabarani.

"Umemwambia ni mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu akubariki. Alikuwa ameshaandika barua ya kujitoa kwa mtihani, iko ndani ya Biblia. Nimeiona. Huyu mtu asiporudi hewani, fundi, sijui nitaishi na nani hapa. Anakaa hivyo, haongei, chakula anakisukuma. Hiyo mtihani ndiyo inamwamsha asubuhi."

Kwa hiyo nilirudi safari ya nne, na ya tano. Nilichoka. Mgongo uliniuma kwa kuinama, na jina la Misikhu lilipotokea kwenye kioo cha simu nilianza kuiacha ilie mara tatu nne kabla ya kuipokea. Sikuwa nimewahi kushindwa na mashine kwa njia ile. Mashine ikiharibika mbele yako unaweza kuifuata. Hii ilikuwa nzima kila nilipoitazama na mgonjwa kila nilipoondoka, na kwenye daftari nilikuwa nimejaza kurasa tisa bila kuona kwamba hilo lenyewe lilikuwa kipimo.

Siku tisa kabla ya mtihani nilikuwa na kazi Bungoma mjini, printa ya ofisi moja ya kupiga chapa. Ilikuwa kazi ndogo na niliimaliza kabla ya saa sita. Nikirudi Kitale nililazimika kupitia Misikhu, na nikaona ni heri nishuke nione mfumo mpya unaendeleaje. Simu yangu haikuwa na kredo. Nilienda bila kuarifu.

Mama alinifungulia mlango huku amejifunga leso ya kazi. "Fundi. Si ungetuambia, nyumba haijapangwa."

"Napita tu, mama. Dakika tano."

"Na yuko kwa ndege saa hii."

Nilimsikia kabla ya kumwona; injini ya kuigiza ilikuwa ikinguruma ndani ya spika ndogo. Kapteni alikuwa amenipa mgongo. Kioo kilikuwa juu ya kabati la mbao lililochongwa na seremala wa sokoni, lenye milango miwili chini. Meza ya dirishani ilikuwa tupu. Niligundua kwamba katika safari tano sikuwahi kuuliza CPU hukaa wapi siku ambazo mimi sipo.

Alikuwa anashuka. Sindano zilikuwa karibu na katikati. Kisha picha ikasimama, ikaruka, ikasimama tena.

"Ona sasa," alisema bila kugeuka. "Ona mwenyewe."

Nilipiga magoti, mara ya kwanza kupiga magoti katika chumba kile, nikafungua mlango wa kabati. Joto lilinijia usoni kama nimefunua jiko la mkate. CPU ilikuwa ndani, na ilikuwa imevaa koti. Sitii chumvi. Lilikuwa koti la kitambaa kizito cha zambarau, lenye bitana ndani, vifungo vinne ubavuni, na matundu yaliyozungushiwa uzi kwa ajili ya nyaya. Vipimo vilikuwa sawasawa kabisa. Juu ya koti kulikuwa na kitambaa cha kufuma chenye vishada. Niliweka kiganja juu yake nikakiondoa upesi.

"Mama," niliita, "hili koti limekuwa hapa tangu lini?"

Alikuja akasimama mlangoni, akijipangusa mikono. "Tangu ile mara ya kwanza. Si wewe ulisema vumbi ndiyo adui? Nililishona wiki hiyo hiyo. Na mlango nafunga, hata unga wa kinu hauingii."

"Na mimi nikija?"

"Ukija naivua, naipanguza, naileta kwa meza. Sasa fundi atapiga magoti chini kama anatubu?"

Nilitoa daftari kwenye mkoba na kufungua ukurasa wa kwanza. Joto. Limeondolewa. Mstari ulikuwa umenyooka. Nilikuwa nimeupiga kwa rula. Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nimeiponya mashine, kisha nikiwa na mkoba begani tayari kuondoka nikaamuru iugue upya, na safari nne zilizofuata nilikuwa nikitafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwepo. Wiki zaidi ya saba.

Kapteni alikuwa amegeuza kiti. Alitazama koti, akamtazama mkewe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe mmenivalishia injini sweta," alisema. "Na mimi nalaumu mkono. Mama, wewe ungevalisha hata propela."

"Si ingepata baridi huko juu," mkewe alisema, naye akacheka, akiwa na aibu kidogo.

Tulitoa koti. Tulitoa CPU kwenye kabati na kuiweka sakafuni mahali penye hewa, mlango ukiwa wazi. Nilingoja ipoe. Mama alileta chai, na nadhani ile ilikuwa chai ya furaha zaidi niliyokunywa katika nyumba ile. Kapteni alikunja mikono ya shati.

"Leo nabeba abiria," alisema. "Keti hapo, fundi. Funga mkanda."

Alipaa. Alipanda, akazunguka, akaingia kwenye mstari. Nilikuwa nikihesabu picha, na hesabu haikuyumba. Dakika ya ishirini, ya ishirini na tano. Alianza kushuka na mashine ikaendelea kama maji. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe.

Sindano ilianza kwenda kushoto. Niliiona, na nikajua naye ameiona kwa sababu bega lake lilisogea. Mkono haukusogea. Kisha ukasogea, mwingi, na sindano ikavuka katikati ikaenda upande wa pili, naye akaifuata tena akiwa amechelewa. Aligusa chini nje ya uwanja, kwenye nyasi. Picha haikuwa imekwama hata mara moja.

Alirudisha ndege mahali pa kuanzia kushuka, akaweka mto chini ya kiwiko, akarudia. Ilikuwa vile vile, ila mara hii alitua ukingoni.

"Labda jostiki ina kasoro," nilisema. "Za namna hii huchakaa. Naweza kuleta nyingine."

"Fundi," alisema, "usianze."

Alitoa mto. Akaichukua jostiki na kuihamishia upande wa kulia wa kioo, akaishika kwa mkono wa kulia, mkono ambao katika ndege ya kweli kazi yake ni nyingine.

"Si wewe husema kitu kimoja kwa wakati?"

Alishuka mara ya tatu. Sindano zilikaa katikati kama zimeshonwa. Magurudumu yaligusa katikati ya uwanja, akasimamisha ndege, akazima injini, na spika zikanyamaza. Nje, trekta ya miwa ilikuwa ikipita.

"Andika," aliniambia.

"Niandike nini?"

"Mashine iko sawa."

Niliandika. Nilimwambia bado kuna siku tisa, kwamba mazoezi ya mashine nzima si kama mazoezi ya mashine mbovu, kwamba tulikuwa tumempotezea muda na lawama ilikuwa yangu. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mimi hubeba watu," alisema. "Wamama na watoto wao, wanaenda hospitali. Wanalala huko nyuma, hawajui hata naitwa nani. Heri nimeona hapa, nikiwa na chai. Kesho nitapiga simu Nairobi niwaambie siji."

Aliinuka akaenda nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya ua akitazama upande wa kinu, ule mkono ukiwa mfukoni.

Nilifunga mkoba. Kipande changu cha kumbukumbu nilikiacha ndani ya mashine. Sikuona namna ya kukitoa siku hiyo. Mama alinisindikiza hadi barabarani kama kawaida, na hakunilaumu kwa neno lolote; lawama ingekuwa rahisi zaidi kuibeba. Alikuwa amelikunja lile koti la zambarau mara nne na kulishika kifuani.

"Kwa hivyo hii kitu ni mbaya," alisema.

"Ni mbaya mashine ikiwa inawaka, mama. Inazuia hewa."

"Na ikiwa imezimwa?"

"Ikiwa imezimwa haina neno. Hapo inasaidia hata, kwa vumbi."

Alilipapasa, akanyoosha kishikizo kimoja kilichokuwa kimepinda.

"Basi nitaivalisha leo," alisema, akageuka kurudi nyumbani.